Chakula kilichemka, mbona kilituumiza?



Somo la leo limetoka katika kijiji kimoja kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Jina la kijiji silitaji. Yaliyotokea pale yaliwatia watu aibu na karibu yavunje ujirani.

Kulikuwa na msiba. Watu walikuwa wengi, wengine wameshuka kutoka milimani Upareni, wengine wamevuka kutoka upande wa Simanjiro. Kwa watu wa bwawani samaki si shida. Jioni akina mama walichemsha perege, sufuria mbili kubwa. Sasa, wazee wengi hawana meno mazuri, na watoto huogopa miiba. Kwa hiyo mama mmoja alikaa chini akawachambua wale samaki kwa mikono, nyama huku, miiba kule, mpaka akajaza beseni. Ilikuwa kama saa mbili usiku. Beseni likafunikwa kwa kawa, likawekwa pembeni mwa jiko hadi kesho.

Kesho yake ile nyama ya samaki ilitiwa nyanya na vitunguu, ikabandikwa motoni, ikatokota vizuri. Saa sita mchana watu wakala na ugali. Wengine walikula makande tu.

Saa nane mzee mmoja alitoka mbio nje akatapika. Haujapita muda, mtoto. Kisha wengine, mmoja baada ya mwingine. Matumbo yanasokota, jasho linatoka, wengine wanaharisha. Ilipofika saa kumi, watu zaidi ya kumi walikuwa wamelala chini ya mwarobaini. Waliokula makande walikuwa wazima.

Basi maneno yakaanza. "Tumelishwa sumu." "Huu ni mkono wa mtu." Macho yote yakamgeukia yule mama aliyechambua samaki. Na lililozidisha ni kwamba yeye hakuugua. Alikuwa akihudumia watu, chakula kikaisha kabla hajala. Watu wakasema, mbona yeye haumwi? Shemeji yake alitaka apelekwe ofisi ya kijiji. Wengine wakaanza kuulizana habari za mganga wa kuagua.

Mimi nilifika siku ya tatu kwa ajili ya darasa letu la watu wazima. Hata sijaandika tarehe ubaoni, mwanakisomo mmoja akasimama. "Mwalimu, wewe ulitufundisha kuchemsha. Ulisema kuchemsha kunaua vijidudu. Kile chakula kilichemka, wote tuliona. Kama kilichemka, vijidudu vilikufa. Kama vilikufa, basi kilichotuumiza ni nini, kama si mkono wa mtu?"

Nilisimama na chaki mkononi. Hoja yake ilikuwa imenyooka kabisa. Aliyepotoka ni mimi, kwa kuwa somo langu niliishia katikati.

KIJIDUDU NA SUMU YAKE NI VITU VIWILI

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika penye redio, wakasoma vitabu vidogo, wakachimba vyoo. Tangu hapo tumeshika jambo moja: maji ya kunywa yachemshwe. Jambo hilo ni kweli hadi leo. Vijidudu vya kuhara damu, vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa maji yakichemka.

Lakini kuna vijidudu vingine vya jamii ya bakteria vyenye tabia tofauti. Vyenyewe vikiingia katika chakula, hukaa humo, hula, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo hubaki ndani ya chakula. Ukichemsha chakula hicho baadaye, bakteria hufa lakini sumu haifi, maana haikuwa na uhai tangu mwanzo. Mfano ni nyoka aliyekwisha kukuuma. Utamponda kichwa, lakini sumu aliyoiacha mguuni haitoki.

Bakteria wa habari yetu wanaitwa stafilokoka. Umbo lao ni la mviringo, nao hujikusanya kama kichala cha zabibu. Huwezi kuwaona kwa macho, ila kwa hadubini. Je, wanakaa wapi? Wanakaa kwetu sisi wenyewe. Ukikusanya watu wazima kumi wenye afya nzuri, watatu hivi wanao puani, nao hawajui. Wanakaa pia kwenye ngozi. Wanapenda hasa majipu, vidonda na vidole vilivyotunga usaha. Na kwa ng'ombe hukaa kwenye kiwele kilichovimba.

Tabibu wa zahanati alipoitwa kijijini, hakuuliza habari za ugomvi wala za urithi. Aliuliza mambo matatu. Watu walikula saa ngapi? Walianza kutapika saa ngapi? Na nani alikishika chakula baada ya kuiva? Kisha akamwomba yule mama amwonyeshe mikono. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa. Siku nne kabla ya msiba alikuwa anapara samaki mwaloni, mwiba wa pezi la mgongoni la perege ukamchoma. Wapara samaki wote wanaujua mwiba huo. Kidole kilivimba, kikatunga usaha. Akakifunga, akaendelea na kazi, maana nani angemfanyia?

Chakula hakikupelekwa maabara, kwani mabaki yalikuwa yamekwisha kumwagwa kwa hofu. Lakini saa zinasema. Sumu ya stafilokoka huanza kumwangusha mtu mapema, mara nyingi kati ya saa mbili na saa nne baada ya kula. Yaweza kuwa hata nusu saa, au ikachelewa mpaka saa nane. Mtu hutapika sana, hana homa kali, na baada ya siku moja au mbili huwa amepona. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wetu.

HEBU TUPIGE HESABU

Chukueni daftari. Tuseme kidole kile kiliacha bakteria 100 katika kila gramu moja ya samaki. Gramu moja ni kidogo sana, kama punje mbili tatu za mahindi. Penye joto kama la mwili wa mtu, bakteria hawa huweza kuwa mara mbili kila nusu saa. Tunaanza saa mbili usiku na 100. Saa mbili na nusu, 200. Saa tatu, 400. Saa tano usiku ni 6,400. Saa saba usiku ni 102,400. Saa kumi usiku ni 6,553,600.

Katika chakula halisi hesabu haiendi sawasawa hivi. Mwanzoni bakteria hukawia kidogo, na wakishakuwa wengi mno hubanana. Lakini mnaona mwendo wake. Wakifikia kama laki moja katika gramu, sumu huweza kuwa ya kutosha kumwangusha mtu. Na sumu inayotosha ni chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu. Haina harufu. Haina ladha. Chakula hakichachi wala hakibadiliki rangi. Kwa hiyo bibi anayesema "mimi nakinusa kwanza" hanusi kitu.

Kesho yake ule mchuzi ulipotokota, bakteria walikufa. Sumu ya stafilokoka, hata uichemshe nusu saa nzima, bado ina nguvu ya kuumiza.

Tena ipo habari ya chumvi, ambayo inatuhusu sana sisi wa bwawani. Chumvi huzuia vijidudu vingi, ndiyo maana tunaitumia kwa ng'onda. Lakini stafilokoka huvumilia chumvi nyingi kuliko wenzake. Akiwa peke yake kwenye samaki wa chumvi aliye mbichimbichi, ni kama mtu aliyeachiwa shamba zima. Kinachomshinda ni ukavu. Samaki aliyekaushwa kweli, juani au kwa moshi, mpaka akakatika ukimkunja, hampi nafasi ya kuzaana. Samaki aliyekauka nje na ndani analowa ndiye wa hatari. Namna hiyo tunawaona sana siku za mawingu, mfanyabiashara anapoharakisha gari la Moshi au la Same.

SUMU HII INAVYODANGANYA WALINZI WA MWILI

Sehemu hii ni ngumu kidogo. Isomeni polepole, mkipenda mara mbili.

Ndani ya damu yetu mna chembe nyeupe, na hizo ni askari. Kila askari anaijua sura ya adui mmoja tu. Adui wa surua anajulikana na askari wake, adui wa pepopunda na wake. Adui akiingia huamka askari wachache tu, labda mmoja katika kila elfu kumi au pungufu. Hao huongezeka, hupigana, kazi inakwisha. Ni kama mwizi akiingia kijijini, anaamka mlinzi wa zamu anayemfahamu, anamkamata, na watu wengine wanaendelea kulala.

Sumu ya stafilokoka haifuati utaratibu huo. Yenyewe hupiga yowe la uongo katikati ya usiku. Inamshika askari na yule mpeleka habari wake, inawafunga pamoja kwa nguvu, hata kama askari huyo si wa adui huyo. Badala ya kuamka mmoja katika elfu kumi, huweza kuamka hata mmoja katika kila watano. Kijiji kizima kiko nje na marungu, gizani, hakuna anayejua mwizi yuko wapi. Wanakanyaga mahindi, wanabomoa uzio, wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Baadaye askari wengi huwa wamechoka na wengine wamekufa. Adui wa kweli akija hapo, walinzi ni wachache.

Wataalamu wa Marekani, wakiwamo Philippa Marrack na John Kappler, waliieleza tabia hiyo mwaka 1989. Vitu vya namna hii viliitwa superantijeni, yaani viamsha kinga vilivyopita kiasi. Sumu ya chakula ya stafilokoka ina kazi zote mbili. Tumboni hugusa mishipa ya fahamu inayopeleka habari ubongoni, na ubongo unaamuru mtu atapike. Kwa askari wa mwili hupiga lile yowe. Anayekula husumbuliwa zaidi na kule kutapika. Lakini sumu za jamii hii zikiingia katika damu, kwa mfano kutoka katika kidonda kilichooza, mtu hupata homa kali, msukumo wa damu unaanguka, na anaweza kufa. Kwa hiyo kidole kilichotunga usaha ni jambo la zahanati hata kama hupiki.

Watu huuliza, je, nikiugua mara moja sitaugua tena? La, huwezi kutegemea hilo. Aina za sumu ya stafilokoka zinazojulikana ni zaidi ya 20.

HAIKUANZIA KWETU

Mtu asidhani ni mambo ya kijijini tu. Mwaka 1914 mtaalamu mmoja, M. A. Barber, alieleza yaliyompata huko Ufilipino. Katika shamba moja watu walikuwa wakiugua baada ya kunywa maziwa. Barber aligundua kuwa ng'ombe mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Maziwa yake yakinywewa mabichi mara baada ya kukamuliwa hayakuwa na neno, lakini yakikaa kwenye joto kwa saa kadhaa yalileta ugonjwa. Aliyapima kwa kuyanywa mwenyewe. Akaugua. Sisi tusimwige.

Mwaka 2000 huko Japani, nchi yenye viwanda vikubwa, umeme ulikatika katika kiwanda kimoja cha maziwa. Maziwa yakakaa na joto ndani ya mitambo. Baadaye yalipashwa moto kama kawaida, yakafanywa unga, na unga ukatumika kutengeneza maziwa mengine. Bakteria walikuwa wamekufa. Watu zaidi ya 13,000 waliugua. Ni habari ileile ya beseni letu, ila beseni lao lilikuwa la chuma cha pua.

Zipo na sumu za bakteria wengine. Wali una wake, jina lake basilasi. Huyu ana mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemka. Wali ukilala kwenye sufuria ukiwa na uvuguvugu, mbegu zinaamka na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo hustahimili moto kupita hata ile ya stafilokoka. Hapo ndipo kiporo cha wali, ambacho wengine hukiita mwiku, kinapotuponza. Mimi mwenyewe nakipenda na chai, sitawadanganya.

Sumu kali kuliko zote ni ya botulizimu. Bakteria wake huipenda sehemu isiyo na hewa, kama ndani ya mafuta au chombo kilichozibwa. Mwaka 1980 madaktari waliandika habari za watu wa Kenya waliopatwa na sumu hiyo kwa kula kumbikumbi. Oktoba 2008 nchini Uganda wanafunzi watatu wa shule ya bweni waliugua, na mmoja akafa. Wote walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Dalili zake si kutapika tu. Mtu huona vitu viwiliviwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, na pumzi inakwisha. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Cha ajabu ni kwamba sumu hii, pamoja na ukali wake wote, huharibika ikichemshwa dakika kumi. Mbegu zake ndizo zisizokufa. Kwa sababu ya mbegu hizo, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali.

SASA TUFANYEJE JIKONI

Sisemi chakula kitupwe. Naijua bei ya mchele, na friji hatuna. Nasema tupunguze muda. Chakula kilichoiva kisikae na uvuguvugu zaidi ya saa mbili, na huku tambarare joto likiwa kali, saa moja. Kikiwa kingi kigawiwe usikuusiku, watu waende nacho wakakile. Kinachobaki kitandazwe kwenye sinia pana kipoe upesi, kisirundikwe kwenye sufuria kubwa, kwa maana katikati ya sufuria hubaki moto mpaka alfajiri. Kikipoa kifunikwe, kiwekwe mahali penye ubaridi. Hata hivyo, samaki, nyama na maziwa ya kulala hivihivi bila friji mimi siyapendekezi kwenye shughuli ya watu wengi.

Samaki aachwe na miiba yake, kila mtu achambue wake sahanini. Mzee achambuliwe na mjukuu wake palepale anapokula. Kupakua ni kwa upawa na mwiko, siyo kwa mkono. Mikono ioshwe kwa sabuni, lakini jueni kuwa kuosha hakuondoi usaha wa kidole. Mwenye jipu, kidonda mkononi au mafua mazito akate kuni, achote maji, apange mabenchi. Kazi za msiba haziishi.

Kwa wafugaji: tone la kwanza la maziwa likiwa na mabonge au damu, maziwa ya chuchu hiyo yamwagwe na bwana mifugo aitwe. Maziwa mazuri yachemshwe mara baada ya kukamua. Yakichemshwa jioni baada ya kushinda kwenye joto, tumekwisha kuchelewa. Mtindi huzuia bakteria hawa kwa ukali wake, ila ukali hauondoi sumu iliyokwisha kutolewa.

Na mtu akishaugua? Anywe maji kidogokidogo, mara nyingi. Dawa ya kurudisha maji ipo zahanati. Isipokuwepo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dawa za kuua bakteria hazisaidii hapa, kwa sababu kinachotesa ni sumu. Mtoto mchanga, mzee, mama mjamzito na mtu ambaye kinga yake ni dhaifu wasingojee nyumbani. Vilevile mwenye kuhara damu, asiyepata mkojo, au anayesinzia bila kuamka vizuri.

Yule mama alipasuliwa kidole zahanati, akapewa dawa. Jumapili mkutano ulifanyika chini ya mwarobaini uleule. Tabibu alieleza, nami nikaandika ile hesabu ubaoni. Shemeji yake alisimama akamwomba radhi mbele ya watu. Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema amesikia, ila angependa shemeji naye ajifunze kupara samaki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Watu waliokula makande hawakuugua. Jambo hilo linatuonyesha nini?

2. Kama beseni lingekaa kwa saa tatu tu, bakteria wangekuwa wangapi katika gramu moja? Onyesha hesabu yako.

3. Kwa nini kuchemsha husaidia maji ya kunywa, lakini hakukusaidia wale samaki?

4. Katika kijiji chenu, msiba ukiwa wa siku tatu, nani anaamua chakula kilichobaki kiende wapi? Mwandikieni mhariri majibu yenu.